Maji ya Mtaa wa Juu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kuchambua nguo. Nyeupe huku, za rangi kule, na zile zenye matope peke yake, kama mtoto mwenye surua. Mama yake alikuwa dobi, na uani kwao hapakukosekana beseni lenye povu, kamba iliyolemewa na mashuka, na pasi ya mkaa ikifuka mlangoni.

"Chiriku! Hii soksi nyeusi imefuata nini kwenye mashuka?"

"Imekuja kusalimia, mama."

"Basi iambie salamu zimefika, irudi kwao."

Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo kinywa chake hakikupumzika. Lakini shuleni kulikuwa na maneno manne yaliyoweza kukifunga. Wenzake wakitaka kumnyamazisha, walimwita "mtoto wa nguo chafu". Hapo Chiriku aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Hakumwambia mama. Aliliweka moyoni, na jambo likikaa moyoni muda mrefu hutafuta pa kutokea.

Mwaka ule nyumba ya wageni iliyokuwa ikiwapa mashuka ya kufua ilifungwa. Mama alipata habari kwamba hospitali ya mji mdogo, safari ya nusu siku kutoka hapo, ilikuwa inatafuta dobi. Akapiga magoti, akasali, akainuka na kuanza kukunja nguo zao.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema, "lakini mja naye afunge mzigo mwenyewe."

Mji ule ulikuwa mdogo kweli. Ukipiga chafya sokoni, mtu wa stendi anakwambia pole. Dalali aliwaonyesha nyumba mbili ambazo kodi zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa mtaa wa chini, bati lake limefifia, uani vumbi tupu, na jirani yake alikuwa seremala ambaye nyundo yake haikujua adabu ya kunyamaza. Bomba lilikuwa kwenye kona ya mtaa. Ya pili ilikuwa mtaa wa juu. Hii ilikuwa na lango la buluu, ua wa saruji, na bomba lake mwenyewe, ingawa lilikuwa limefungwa kwa kufuli hadi mpangaji aingie. Chiriku aliligusa lile lango kama mtu anayegusa nguo mpya ya dukani.

"Tuchukue hii, mama."

"Ngoja kwanza. Nyumba haina mdomo, jirani anao." Mama alimvuta pembeni. "Nisikilize. Bibi yako alinifundisha hivi: ukitaka kuhamia mahali, gonga mlango uombe maji ya kunywa. Maji yatakwambia habari zake, na mkono unaokupa utakwambia habari za watu. Kisha uliza: maji haya yanafulia nguo nyeupe? Gari la kurudi linaondoka alasiri, na mitaa hii iko pande mbili za mji. Mimi nashuka chini. Wewe baki huku juu, ugonge nyumba mbili tatu, kisha tukutane stendi. Umenielewa?"

"Mama, unanituma mimi kusema? Hiyo si kazi, hiyo ni sikukuu."

Mama alicheka akaenda zake.

Chiriku alikaribia nyumba ya kwanza. Mbele yake wasichana watatu wa rika lake walikuwa wakiruka kamba, viatu vyao vinang'aa. Mmoja alisimama akamtazama, kuanzia kandambili zake zilizolika visigino hadi gauni iliyowahi kuwa ya mtu mwingine.

"Unamtafuta nani?" msichana aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Chiriku alifungua kinywa. Akawaza: nikiomba maji, watasema huyu ni ombaomba. Kesho nikija shuleni kwao nitapewa jina kabla sijapewa dawati. Kinywa kikajifunga.

"Simtafuti mtu," alijibu.

Akazunguka kona, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Alikaa pale mpaka alipoona muda umetosha kwa mtu aliyegonga nyumba mbili tatu. Kisha akateremka stendi.

"Haya, niambie," mama alisema, jasho likimtoka. "Walikupa?"

"Walinipa, mama. Maji matamu, baridi."

"Yana rangi?"

"Hata kidogo. Nimeuliza na habari za nguo nyeupe. Wakasema hakuna shida."

Ajabu ya uongo ni kwamba ukishauzaa mmoja, unaomba ndugu. Mama alimpangusa vumbi begani.

"Ahsante, mwanangu. Chini pia maji ni mazuri. Bibi mmoja kanipa kikombe, kanipa na maneno mpaka nikachelewa. Lakini kama maji ni sawa kwa sawa, ua wa saruji unashinda. Nguo ikianguka haiokoti vumbi."

Wakarudi kuchukua vitu vyao, wakahamia mtaa wa juu.

Siku ya pili msimamizi wa wauguzi aliwapa gauni sita nyeupe za kazi. "Hizi ni za kujaribia," alisema. "Keshokutwa nizione. Zikirudi safi, nguo zote za hospitali ni zako. Zisiporudi safi, kuna dobi mwingine anasubiri."

Jioni mama alinunua kipande cha sabuni dukani karibu na soko, kwa mzee ambaye watoto walimwita Mzee Povu. Akachota maji bombani, maangavu kabisa, akaziloweka gauni zote. Alipolala alikuwa akiimba.

Asubuhi Chiriku aliamshwa na ukimya. Mama alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imening'inia. Maji yaliyokuwa maangavu jana yalikuwa na rangi ya chai, na gauni zilikuwa na madoa ya manjano, kola hadi pindo.

"Mikono yangu ni ileile," mama alisema polepole. "Beseni ni lilelile. Maji tuliuliza. Kilichobaki ni sabuni. Yule mzee kaniuzia sumu!"

Akajitupia kanga, akatoka. Chiriku alimfuata.

Dukani kulikuwa na wateja. Mama alitupa gauni moja mezani.

"Mzee, tazama ulichonifanyia!"

Mzee Povu alivaa miwani yake taratibu. "Dada yangu, sabuni hii nimeiuza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Basi nayo imezeeka kama wewe!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aligeuzageuza ile kola kwenye mwanga, kisha akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametia sabuni kikapuni aliitoa, akairudisha mezani. Mwingine naye akafanya hivyohivyo.

"Mimi sitaki mashuka yangu yawe hivyo," alinong'ona.

Chiriku alikitazama kile kichwa kilichoinama. Alijua jinsi watu wanavyokutazama ukipewa jina usilostahili. Aliwahi kuinamisha kichwa hivyohivyo.

"Mama, si sabuni."

"Nyamaza, watu wazima wanazungumza."

"Mama, sikuomba maji!"

Duka zima likageuka.

"Hukuomba maji wapi?"

"Kule juu. Sikugonga hata mlango mmoja. Nilijificha nyuma ya ukuta, kisha nikarudi."

"Na yale maji matamu, baridi?"

"Niliyatunga, mama."

Chiriku alingoja kofi. Halikuja. Mama alimgeukia mwenye duka na kupiga goti kidogo.

"Baba, nimekuvunjia heshima mbele ya wateja wako. Nimekosa. Nisamehe." Akamshika Chiriku bega. "Na wewe, sema tena. Kwa sauti, hawa waliorudisha sabuni wasikie."

Chiriku akasema tena, machozi yakimdondoka mpaka kidevuni. Wale wanawake wakaziokota sabuni zao kwa haya, kila mmoja akitazama upande wake.

Mzee Povu alivua miwani. "Mtoto aliyesema kabla hajashikwa, msimvunje," alisema. "Mnakaa juu? Mngeniambia jana! Maji ya kule yana kutu, dada. Bombani yanatoka kama machozi, yakilala usiku yanaamka chai. Hakuna asiyejua. Nguo nyeupe wote wanateremka kufulia chini. Ungemuuliza hata mtoto anayeruka kamba, angekwambia."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kofi.

"Na hizi, zitatakata?" mama aliuliza, akizikusanya gauni.

"Kuna bibi mtaa wa chini ana mndimu uani. Nendeni kwake. Na hii shika." Alimpa mfuko wa chumvi. "Usinilipe. Utanilipa kwa kunisifu."

Mtaa wa chini, mama alisimama mbele ya mlango wa yule bibi, yuleyule aliyempa kikombe, akamsukuma Chiriku mbele. "Kazi yako ya siku ile ilibaki. Imalize."

Chiriku aligonga mlango. "Hodi! Shikamoo bibi. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba, karibu, karibu!" Bibi alitoka na kikombe kimejaa. "Kunywa. Mbona unalia? Kiu yako ni ya maji au ya maneno?"

Chiriku akanywa, kisha akaeleza yote bila kuruka neno. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akamwelekeza kwenye mti. "Panda, uchume. Aliyechafua ndiye akamue."

Walisuuza gauni kwa maji ya bomba la kona. Chiriku alikamua ndimu mpaka michubuko ya vidole ikamwasha, mama akapaka maji ya ndimu na chumvi juu ya kila doa, kisha wakazitandaza juani. Seremala wa jirani aliwaletea mbao safi za kutandazia, akarudi kugonga nyundo yake. Wakakaa kivulini kungoja.

"Sasa niambie," mama alisema. "Wewe unayeongea na hata kuku, kitu gani kilikufunga mdomo?"

Chiriku alikwangua ardhi kwa kidole. "Kule tulikotoka waliniita mtoto wa nguo chafu. Niliogopa na hawa wataniita ombaomba."

Mama alisogea karibu. Alimvuta, akamlaza kichwa mapajani.

"Miaka yote hiyo, na hukuniambia?"

"Ungeumia."

"Ningeumia, ndiyo. Kisha ningekwambia hivi: nguo kwetu huja chafu, huondoka safi. Wewe ni mtoto wa zile zinazoondoka."

Alasiri madoa yalikuwa yamekaribia kwisha. Gauni tano zilimetameta. Ya sita ilibaki na kivuli chembamba chini ya kola, mahali ambapo mtu asingepaona bila kuonyeshwa.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alizibeba hadi hospitalini. Msimamizi wa wauguzi alizipitia moja moja, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama akanyoosha mkono, akaikunjua kola ya ile ya sita.

"Hapa pana doa, dada. Nilifulia maji mabaya. Nimelipunguza, halijaisha. Nikilifua mara ya pili litatoka."

 Msimamizi alitazama kola, akamtazama mama.

"Mimi nisingeliona," alisema. "Dobi anayenionyesha doa kabla sijaliona, huyo ndiye ninayemtaka. Njoo Jumatatu uchukue mzigo mzima."

Mwezi ulipoisha walihamia mtaa wa chini, kwenye ile nyumba yenye bati lililofifia. Ua ulikuwa na vumbi bado, lakini seremala aliwapigia nguzo ndefu za kamba, mashuka yakakaa juu mbali na ardhi. Nyundo yake ikawa saa yao ya kuamkia. Mzee Povu hakukosa mteja wa kumsifu. Na wale wasichana wa kamba waliteremka kila Jumamosi na nguo nyeupe za kwao, wakamkuta Chiriku bombani, na hawakumwita jina lolote ila lake. Yeye ndiye aliyewachosha kwa maneno.

Siku moja mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, alibisha hodi akaomba maji ya kunywa. Chiriku alisuuza kikombe mara mbili, akakijaza.

"Unatafuta nyumba, mama mdogo? Basi kaa kitako nikwambie. Maji haya ni mazuri, ila jioni foleni ndefu. Seremala anagonga tangu alfajiri, lakini ana moyo. Mvua ikinyesha, uani tope. Usiseme sikukwambia."

Mgeni alicheka, akanywa, akashukuru, akaenda kuitazama nyumba iliyokuwa wazi ng'ambo ya njia. Mama, aliyekuwa akianika shuka, alimwita binti yake aje ashike ncha ya pili.

"Umemwambia na tope?"

"Nimemwambia, mama."

"Vizuri. Anayehama, mwanangu, ni kama kipofu anayevuka njia. Anashika mkono wa aliyempata. Ukimdanganya hapo, si yeye peke yake anayeanguka. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, lakini uongo utakaa nao nyumba moja, na kodi yake hulipwa kila siku. Haya, vuta kamba. Shuka hili linagusa chini."