Mashuka Yaliyofuliwa Mara Mbili

Kila asubuhi chumba cha kufulia cha hospitali kilinguruma kama kinataka kuruka. Mashine zilizunguka, mvuke ulipanda, na harufu ya sabuni ilikaa kwenye nywele za watu hata baada ya kuoga. Humo ndimo alimofanya kazi Mama Pacha. Alianza na pasi. Akapanda akawa mtu wa mashine. Sasa alikuwa amekabidhiwa zamu nzima ya asubuhi, kwa majaribio.

Kazi haikumtisha. Kilichomtoa jasho ni ubao mweupe uliokuwa mlangoni.

Zamu ya asubuhi ilitoka kabla zamu ya mchana haijaingia. Kwa hiyo msimamizi anayetoka alimwachia anayeingia ujumbe ubaoni, kwa Kiingereza. Msimamizi wa mchana alikuwa ametoka nchi ya mbali, na Kiswahili chake kilikuwa neno moja tu: pole. Ukimsalimia, pole. Ukimpa chai, pole. Wafuaji wakamwita Bwana Pole, na jina likamganda.

Siku moja Mama Pacha aliandika: "We wash the children's sheets. We dry the sheets." Akafunika kalamu, akaenda zake nyumbani, moyo mweupe. Mashuka ya wodi ya watoto aliyaacha kwenye toroli, safi na makavu, yakisubiri kukunjwa tu.

Kesho yake alimkuta mkuu wa kitengo akimsubiri mlangoni.

"Mama Pacha, mashuka ya watoto yalifuliwa jana?"

"Yalifuliwa, mama. Na kukausha tuliyakausha."

"Bwana Pole ameyafua tena. Aliyakuta kwenye toroli, akasoma ubao, asijue kama kazi imefanyika au unamweleza tu kazi zenu za kila siku. Akaona bora ayafue. Watoto wamelala kwenye magodoro matupu mpaka jioni."

Mama Pacha alihisi uso ukimwaka.

"Mikono yako sina shaka nayo," mkuu aliendelea. "Lakini zamu haiongozwi kwa mikono peke yake. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ujumbe wako ukieleweka, zamu ni yako. Usipoeleweka, nitampa mwingine."

Jioni mume wake, fundi viatu, alikuwa kibarazani akishona soli. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rudi kwenye pasi, mke wangu," alisema. "Pasi haina Kiingereza."

"Sirudi! Kule nimetoka kwa jasho langu. Wewe ulipojua kushona buti, ulirudi kuunga kandambili?"

"Haya, yaishe," mume akacheka. "Nilikuwa nashauri tu."

Jirani yao alikuwa nesi wa wodi ile ile ya watoto. Alikuwa uani akianika sare yake, na yote aliyasikia. Alikuja na ndoo yake, akaipindua, akaikalia.

"Mama Pacha, jana kuna mtoto amelia kwa baridi ya lile godoro la plastiki. Sikuambii ili nikuumize, dada yangu. Nakuambia ujue kwa nini siondoki hapa mpaka tuelewane. Uliandika nini?"

Mama Pacha akamtajia, neno kwa neno.

"Na sentensi hizo umezitoa wapi?"

"Kwenye karatasi ya utaratibu wa kazi, iliyobandikwa ukutani. Nimeikariri yote. Tunafua, tunakausha, tunakunja."

Nesi akapiga makofi. "Ndiyo maana unaandika kama ukuta! Karatasi ile inasema kazi za siku zote. Haijui jana wala leo. Wewe una jana, na una leo."

"Sasa nifanyeje?"

"Sikiliza. Mimi nikitoka zamu, namwandikia mwenzangu. Nikiandika 'I give the child medicine', anajua tu kwamba kazi yangu ni kutoa dawa. Hajui kama mtoto keshapewa. Anaweza kumpa tena, akamdhuru. Kwa hiyo naandika 'I gave'. Nilimpa, imekwisha. Wewe kwa Kiswahili, kazi iliyokwisha unaisemaje?"

"Tulifua."

"Inayoendelea sasa hivi?"

"Tunafua."

"Na ya kila siku?"

"Huwa tunafua."

"Basi kichwani unajua tayari! Kiingereza nacho kinatofautisha. Iliyokwisha ni 'we washed'. Inayoendelea ni 'we are washing'. Ya kila siku ni 'we wash'."

Mama Pacha alirudia polepole. "Kwa hiyo kazi ikiisha, naongeza 'ed' mwishoni?"

"Kwa maneno mengi, ndiyo. Mengine ni makaidi. 'Send', kupeleka, inakuwa 'sent'. 'Break', kuvunja, inakuwa 'broke'. Hayo utayakariri. Lakini kabla hujaandika, jiulize kwanza: limekwisha, linaendelea, au ni la kila siku?"

Fundi viatu akainua kichwa. "Mimi hilo la katikati linanitosha. Mteja akija, siku zote viatu vyake ninavishona. Sijawahi kuwa nimevishona!"

"Ndiyo maana wanakununia," mke wake akamjibu, na wote wakacheka.

Tangu hapo Mama Pacha hakujipa nafasi ya kupumzika. Akiosha sahani, alisema: "I am washing the plate." Akiiweka kabatini, alisema: "I washed the plate." Pacha wake, wasichana wawili wa shule, walimvizia jikoni.

"Mama, 'send'!"

"'Sent'!"

"Mama, 'break'!"

"'Breaked'... hapana! 'Broke'!"

Alikosea, akarudia. Alichoka, akarudia.

Siku chache kabla ya mwezi kuisha, mashine kubwa ya kukaushia ilizima ghafla. Ndani yake kulikuwa na mashuka ya wodi ya watoto, bado mabichi. Muda wa kutoka ulikuwa umewadia.

"Leo Bwana Pole atasema pole mpaka sauti imkauke," mfuaji mmoja alisema.

"Hataipata nafasi hiyo," alijibu Mama Pacha.

Alimpigia simu fundi wa mashine. Akahamishia mashuka kwenye mashine ndogo, akaiwasha. Kisha akasimama mbele ya ubao. Aliandika "The big dryer stop". Akatazama. Limekwisha, au linaendelea? Akafuta kwa kiganja, akaandika upya:

"The big dryer stopped. We called the mechanic. We washed the children's sheets. We are drying them in the small dryer."

Jioni ile alikuwa akipembua mchele aliposikia nesi akiita tangu nje.

"Mama Pacha! Mashuka yamefika bado yana joto! Watoto wote wamelala pasafi!"

Mama Pacha aliweka ungo chini. Machozi yalimlengalenga.

Asubuhi alimkuta mkuu wa kitengo mbele ya ubao. Bwana Pole alikuwa amejibu: "We dried the sheets. We folded them. We sent them to the children."

"Sina haja ya kungoja mwisho wa mwezi," mkuu alisema. "Zamu ni yako."

Mkuu alipoondoka, Mama Pacha aliona mstari mwingine chini kabisa, wa herufi zilizopinda. Bwana Pole alikuwa amejaribu Kiswahili: "Jana tunapeleka mashuka. Pole."

Mama Pacha alicheka mpaka wafuaji wakageuka. Kisha akachukua kalamu, akamwandikia chini yake, kwa herufi kubwa na zilizotulia:

"Jana tulipeleka mashuka. Asante."