Mawe ya Masikio ya Chewa

Asubuhi ile kioo cha dirisha la maabara kilikuwa na alama ya sikio. Si ya kiganja, wala si ya paji la uso. Sikio zima na ndewe yake, lililobanwa kiooni kwa nje mpaka likaacha majimaji. Daktari wa Samaki aliitazama, akapiga miayo, akafungua dirisha na kuifuta. Kitambaa kikanuka mwani uliooza. Maabara ilikuwa ghorofani, na nje ya dirisha lile hapakuwa na pa mtu kusimama.

Jina la Daktari wa Samaki alipewa na wavuvi kwa kejeli, maana hakuna aliyewahi kuona samaki akitoka kwake amepona. Kazi yake ilikuwa kuwapasua. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe viwili, kimoja kila upande, vinavyomsaidia kusikia na kutoyumba majini. Ukikata kijiwe hicho kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, utaona mistari ya umri wake, kama ile ya gogo la mti. Kwa desturi ya kazi, jiwe la kushoto hukatwa, la kulia huhifadhiwa zima. Kwa mawe hayo alikuwa ameandika ripoti juu ya ripoti, akiwasihi wakubwa wafunge uvuvi kwenye mwamba ambako chewa hukusanyika kutaga mayai. Wakubwa walimshukuru kila mara, wakampa na chai. Mwamba haukufungwa, na chewa wakazidi kuja wadogo, na yeye uchovu ukamkaa mifupani, ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Ndiyo maana, kabla ya alama ile, alipoletewa chewa mmoja mzee, mkubwa wa kubebwa na watu wawili, moyo ulimruka. Ushahidi huo! Ripoti gani ingepuuzwa ikiwa na samaki wa umri ule?

"Bado anahema, dada," alisema fundi wake wa maabara, ambaye wote walimwita Kiwembe kwa wepesi wa kisu chake. "Halafu ananitazama."

"Wote wanakutazama. Hawana kope."

"Tumrudishe majini. Huyu simpendi."

"Mpasue, Kiwembe. Nimechoka."

Jiwe la kushoto alilikata mwenyewe siku ile ile, akaanza kuhesabu mistari. Akahesabu mpaka macho yakamtoka machozi, na mistari haikwisha. Kila alipodhani amefika ukingoni, ndani yake alikuta mingine. Akasema ni uchovu, akazima taa ya hadubini, akaenda zake nyumbani.

Ile alama ya sikio ilikuja siku chache baadaye. Ilipofutwa, zikaanza sauti. Mchana kweupe, watu wakiwa kazini, mtu alisikika akipita koridoni kwa kujigonga: tu, ukuta huu; tu, ukuta ule; kama mlevi anayepapasa njia. Ukifungua mlango huoni mtu, ila sakafu imelowa maji ya chumvi. Kiwembe alianza kula chakula chake nje juani. Daktari yeye aliendelea kukata mawe. Hakuwa na nafasi ya kuogopa. Alikuwa na ripoti.

Nafasi aliipata nyumbani. Baba mtoto alikuwa safarini kikazi, na jioni moja, akimwogesha binti yao wa darasa la kwanza, alimwambia ainue mkono na mtoto hakuinua. Alimwambia tena. Mtoto alimtazama midomo.

"Sema kwa nguvu, mama. Anayavuta masikio yangu."

"Nani?"

"Huyo hapo mlangoni. Anataka kuyavaa, lakini hayamwenei."

Mama hakugeuka. Alibaki amepiga magoti, povu la sabuni likimkauka mikononi, akisikia nyuma yake kitu kizito kikijigonga kwenye fremu ya mlango, kikijiegemeza, kikianguka, kikiinuka, huku harufu ya mwani uliooza ikijaa bafuni mpaka akahisi ladha yake ulimini, na mtoto wake, bila hata kulia, akiinamisha kichwa upande mmoja taratibu, kama anayeshikwa ndewe na mkono ambao mama hakuuona.

Kufikia mwisho wa juma mtoto alikuwa hasikii hata kengele ya shule, na akitembea anayumba. Hospitali walimpima, wakasema masikio ni mazima. Daktari wa Samaki, msomi wa kusoma, aliketi kwenye ngazi za hospitali akalia kwa sauti, watu wakimpita. Kisha akampigia Kiwembe. "Yule shangazi yako," alisema. "Mlete."

Shangazi yake Kiwembe alikuwa mganga mwenye miguu iliyovimba, akapanda ngazi za nyumbani kwa Daktari huku analalamika. Alifukiza, akasoma, akaamrisha, akabembeleza, akatukana. Jasho lilipomlowesha aliketi, akapiga vidole karibu na sikio la mtoto, kisha akapiga hewani juu ya bega lake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alinong'ona. "Nimefukuza wakaidi, nimefukuza wakorofi. Huyu hakatai. Huyu hanisikii! Nampigia mbuzi gitaa. Mmemfanya nini ninyi?"

Daktari alimtuma Kiwembe akalichukue jiwe lililobaki. Alijua. Kwa kazi aliyoisomea, nani angejua kuliko yeye?

Kiwembe alikimbia maabara akarudi na bahasha ndogo yenye jiwe la kulia. Mganga akaagiza beseni la maji ya chumvi, akalitumbukiza jiwe humo. Lilizama, likatulia chini jeupe, na watu wazima watatu wakitazama bila kupepesa, halikuwepo tena. Chumba kizima kikavuta pumzi.

"Sasa unanisikia," mganga alisema polepole. "Mwachie mtoto. Rudi kwenu."

Mdomo wa binti ulifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kupayuka, ya mtu asiyejua kuipima sauti yake. "Na la pili?"

Wakatazamana. La pili lilikuwa vipande vyembamba vilivyogandishwa juu ya vioo, vimesuguliwa mpaka mwanga unapita. Hakuna gundi duniani ya kuvirudisha.

"Nililikata," Daktari alisema. "Nisamehe. Nilitaka kuwaokoa watoto wako, wale chewa. Nilidhani..." Akashindwa. Hata kujitetea kulimchosha.

"Upande mmoja naanguka," sauti ilisema. "Masikio haya ya mtoto ni madogo. Yatakua. Nitangoja."

"Usingoje. Chukua langu."

"Ulimi wako!" mganga alipiga kelele, akamrukia kumziba mdomo. "Hawa hawaahidiwi kitu kwa kinywa!"

Alikuwa amechelewa. Daktari alihisi maji yakimwingia sikio la kushoto, baridi, mengi, kisha upande ule wa dunia ukazimika. Binti akapiga chafya na kuuliza mbona watu wanalia. Alisikia kila kitu. Alitembea wima hadi jikoni akadai chai.

Basi maisha yakarudi, kwa kadiri yanavyorudi. Koridoni kukakauka. Ripoti ikapelekwa, wakubwa wakashukuru. Daktari alizoea kuwageuzia watu upande wake wa kulia, na jioni alijitupa kwenye kochi kama gunia, akiwa na furaha moja tu isiyochoka: mtoto wake anaimba, anajibu, anasikia.

Jioni moja binti alimpandia mapajani, akamkumbatia shingo, akaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, akanong'ona kwa muda mrefu. Mama alihisi pumzi yake ya joto, basi.

"Hilo halisikii, mwanangu," alimwambia akicheka. "Njoo huku, uniambie tena."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. "Sikuwa nakuambia wewe, mama."

Kisha akageuza kichwa, akalibana sikio lake dogo kwenye lile la mama, akatulia, akisikiliza.

"Sawa," alijibu. "Mama akilala, nitakuja."