Asante ya Nyamizi

Kila alipotoka shule, Lukresia alibadilisha sare, akachota maji, kisha akaketi karibu na bibi yake uani kwao Kalangalala, mjini Geita. Bibi Apolonia alichambua maharage huku akiimba wimbo wa wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu, na vidole vyake vikipiga ungo. Lukresia naye alitikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma.

Lukresia alikuwa mwanahiphop, tena si wa mchezo! Yeye, Sabiti na Ignas walikuwa na kundi lao, Vumbi Jekundu. Wimbo wa kwanza waliurekodi kwa simu, na jogoo wa jirani akasikika kuliko Ignas. Sasa Donatus, kaka yake Ignas, alikubali kuwarekodia wimbo wa pili katika studio yake, chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Redio ya mjini iliahidi kuupiga Jumamosi.

"Bibi, tunaomba wimbo wako uwe kiitikio chetu," Lukresia alisema.

"Chukueni, wajukuu zangu. Ila mwanzo wake msiuguse."

Mwanzo ulisema, "Wabeja, Nyamizi," yaani asante kwa Kisukuma. Nyamizi alikuwa rafiki wa Bibi, na ndiye aliyetunga wimbo ule walipokuwa wakiponda mawe pamoja. Alifariki bila kuacha mtoto. Tangu hapo wenzake hawakuuimba bila kumshukuru kwanza.

Kule studio, Sabiti alikunja uso. "Huyo Nyamizi nani anamjua? Darasa zima litatucheka. Tuanze na jina la kundi."

"Bibi ameridhia?" Donatus aliuliza.

Lukresia alisita. Aliogopa kuchekwa. "Ndiyo, ameridhia," akajibu. Basi mwanzo ukakatwa, na mahali pake wakapaza sauti, "Vumbi Jekundu, wenye wimbo!"

Jioni alimpelekea Bibi simu ausikilize. Bibi alianza kwa tabasamu, kisha likamtoka.

"Nyamizi yuko wapi?"

"Tulimtoa, Bibi. Tuliogopa kuchekwa."

Bibi hakugomba. Alirudisha simu, akachukua ungo wake. Kesho yake alichambua maharage kimya, na siku iliyofuata vilevile. Lukresia aliona heri angechapwa. Uani pale hapakuwa na raha tena, na kosa lilikuwa lake.

Ijumaa aliwaita wenzake studio. "Kaka Donatus, nilikudanganya. Bibi hakuridhia. Naomba tuurudishe mwanzo."

"Na kesho redio?" Sabiti alishtuka.

"Bora wasiupige kabisa," Lukresia alisema, machozi yakimlengalenga.

Donatus alimtazama, akavuta kiti. "Ukweli umechelewa kuusema, lakini umeusema. Ila sauti ya mwanzo nilishaifuta. Nani ataimba?"

Lukresia alikimbia nyumbani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilimficha Nyamizi, nikamdanganya Donatus pia. Njoo umrudishe wewe mwenyewe."

Bibi aliweka maharage chini. Kisha akajifunga kitenge, akabeba ungo wake kwapani. Kule studio aliitazama maikrofoni kwa mashaka. "Ndiyo naimbia hiki kijiko?" Watoto wakacheka, naye akacheka, akaimba.

Jumamosi wote, pamoja na Bibi, walikusanyika dukani kwa baba yake Sabiti. Redio ikaanza, "Wabeja, Nyamizi," ungo ukilia nyuma yake. Mama mmoja aliyekuwa akipita alitua ndoo yake, akaitikia kwa sauti. Wanafunzi waliokuwa dukani hawakucheka hata mmoja. Sabiti alifuta macho, akasingizia vumbi.

"Tusamehe, Bibi," alisema. "Na asante sana."

Bibi aliwashika mikono. "Nilishawasamehe, wanangu. Nyamizi hakuacha nyumba wala mtoto, aliacha jina lake midomoni mwetu. Mtu akikupa kitu, mtaje mbele za watu. Ukilificha jina lake umemwibia, hata kama alikupa kwa mkono wake. Leo mmemshukuru mji mzima ukisikia, nami nimefurahi mno."

"Wabeja, Bibi," Lukresia alisema.

"Na siku nami nikiondoka, mnajua pa kuniweka?"

Lukresia alimkumbatia. "Mwanzoni kabisa, Bibi. Kabla ya jina letu."