Kichwa cha Waya

Harufu ya ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, ilianza kuingia nyumbani kwa Amuri wakati hakuna aliyevua. Vita vilikuwa vimefunga ziwa, wanajeshi hawakutaka kuona mtumbwi, na Rumonge nzima ilikuwa inakula maharage. Mkewe, Mariyamu, alinusa vyungu, akanusa mashuka, mwisho akanusa mlango wa chumba alichofanyia kazi mumewe. Ilitoka humo.

Amuri alikuwa mpiga picha. Mke wake wa kwanza, Raisa, alizama akikimbilia Kigoma, na maiti haikuonekana. Zilibaki picha mbili, moja ya uso, moja ya ubavuni. Basi Amuri alikata wavu wa waya ambao Raisa alikuwa akianikia ndagala, akaukunja ukawa mviringo kama mpira. Kila mchana alifunga madirisha, akawasha taa, kivuli cha wavu kikaangukia picha ukutani. Palipozidi alibonyeza, palipopungua alivuta, akaugeuza ubavu, akaanza tena. Taratibu ule mpira ukaota pua, shavu, kidevu.

Mke mwenza aliye hai utamnunia, utamsengenya bombani. Huyu wa waya utamfanya nini? Mariyamu alichungulia kwenye ufa, akaona vidole vya mumewe vikipita polepole juu ya lile shavu, na wivu ukamshika. Miaka miwili ya ndoa, vidole hivyo havijampitia yeye namna ile.

Amuri alipokwenda msikitini, Mariyamu aliingia akaibinya pua ya waya mpaka ikalala. Amuri akarudi, akaivuta kwa koleo. Kule jikoni, pua ya Mariyamu ikavutika, damu ikadondokea maharage.

Alikimbilia kwa Mwalimu Abasi, mtoa majini.

"Mama, ile waya iko na jini ya ziwa," mzee alinong'ona. "Haina sura, iko inatafuta. Umeigusa na wivu, sasa inajua uso yako. Bwana yako aivunje yeye mwenyewe. Wewe usiiguse tena."

"Na akikataa, Mwalimu?"

"Basi utoke mu ile nyumba."

Amwachie marehemu nyumba? Mariyamu hakuwa mwanamke wa hivyo. Adhuhuri, Amuri akiwa msikitini, alikifunga kile kichwa cha waya kwenye kitenge, akakitupa ziwani. Kitenge kilifunguka, na kichwa hakikuzama, kikaelea kikimtazama, kikageuka ubavu, kikageuka tena kama Amuri alivyokuwa akikigeuza, na kila kilipogeuka shingo ya Mariyamu nayo iligeuka, ngozi ya mashavu ikakazwa na kulegezwa, kidevu kikasogea, mpaka maji yakakifunika kile kichwa na harufu ya ndagala ikamjaa kinywani.

Alirudi amejifunika mtandio. Amuri alikuwa ameketi mbele ya meza tupu, taa inawaka. Alimfunua, akamshika kidevu, akamgeuza mbele, kisha ubavuni, huku akitazama kivuli chake juu ya picha. Hakikuzidi wala kupungua popote.

"Raisa," alisema, kidole gumba kikipita taratibu shavuni.

Mariyamu alijua kwamba asipotaja jina lake sasa hivi, halitarudi tena. Lakini kidole kilikuwa na joto, naye alikuwa amekingoja miaka miwili.

"Abee," akaitika.