Tulipofuta Kuitana Majina

"Washa!"

Neno hilo nililitamka mimi, kwa mdomo wangu. Mwendesha mashine, Jonathan, akaiwasha korona, ikanguruma... halafu kikatoka kilio!

"Zima! Zima, Jonathan! Kuna mtu chini ya mkanda!"

Jamani, msinihukumu kabla hamjafika mwisho.

Niliajiriwa kiwanda kimoja cha mkonge kule Mazinde, nipange upya utaratibu wa kazi. Nilikuwa mjuaji balaa! Nikakuta kila asubuhi, kabla ya kuwasha korona, mashine ya kuchakata majani, Mzee Eliasi anaizunguka, anainama chini ya mkanda, anaita jina la kila mfanyakazi mpaka aitike.

Dakika kumi na moja zinapotea hivihivi!

"Shikamoo mzee. Hii ya kuitana majina tunaifuta. Watu watasaini kwenye tableti."

"Marahaba mwanangu. Hiyo tableti inaweza kuinama?"

Ofisi nzima tulicheka. Nikamhamishia stoo, hakubisha.

Miezi mitatu, uzalishaji juu, ajali hakuna. Meneja akanisifia mbele ya watu, kichwa kikavimba. Nikaamua siku moja tuwashe mapema zaidi, tuvunje rekodi.

Tableti ilionyesha wote wako salama. Nikasema washa...

Aliyekuwa chini ya mkanda ni Mzee Eliasi. Hospitali ya Korogwe hakufika.

Moyoni nikamlaumu marehemu. Mtu wa stoo alifuata nini kule?! Mungu anisamehe.

Msibani Masuguru, mkewe, Mama Hilaria, akaniita pembeni. Nikajua leo natukanwa.

"Mwanangu, ulimwachisha ile kazi, ila hakuacha. Kila asubuhi alitangulia, akapita chini kimyakimya kabla hamjawasha. Mara mbili alimtoa mtu huko, aliyekuwa anachomoa majani yaliyokwama."

"Mbona hakuniambia, mama?"

"Alihofia utaaibika mbele ya wakubwa zako."

Zile siku tisini bila ajali nilizoringia kwenye ripoti... zilikuwa zake!

Niliacha kazi, nikahamia Handeni. Jenereta la jirani likiwaka tu, nachungulia chini yake kama kuna mtu. Mke wangu Pendo amechoka kuniuliza naona nini.

Wewe unayetumwa kubadilisha kazi za watu, kabla hujafuta kitu, muulize anayekifanya anakifanya kwa nini.

Mimi Mzee Eliasi nilimpima kwa saa, hata muda wake wa chai niliuandika. Hilo moja sikumuuliza.