Wiki ya Mikono Myekundu

Nyumbani kwetu tulitengeneza mashetani. Natamka hivyo kwa heshima zote, kwa sababu masista wa shule yangu ya bweni walinifundisha kusema ukweli kwa sauti iliyo wazi, na kwa sababu mashetani hao ndio walionilipia ada ya masista. Kila mwaka, tarehe saba Desemba, saa kumi na mbili kamili jioni, watu wa Guatemala huchoma takataka za mwaka mzima mbele ya nyumba zao, na juu ya rundo huketi shetani wa karatasi. Shetani huyo hajitengenezi. Mtaani kwetu alitengenezwa na mama yangu, ambaye wateja walimwita Doña Irma, na Bibi Chayo, mama yake mama, na mdogo wangu Selvin mwenye miaka saba, na mimi, Nineth, mwenye miaka kumi na minne na barua tatu za nidhamu. Baba alikuwa pwani kwenye mashamba ya miwa, na hakurudi kabla ya Krismasi.

Kila asubuhi kazi ilikwenda hivi. Bibi alipika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria kubwa, nzito kama uji wa mgonjwa. Mama alikunja waya hadi ukawa kiwiliwili na mkia. Mimi nilibandika magazeti juu ya waya, nikihakikisha picha za wanasiasa zinaangukia makalio. Selvin alipaka rangi. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu, ya unga, na haikusikia sabuni wala mawe ya kusugulia. Kuanzia Novemba hadi karibu na Krismasi, wote wanne tulikuwa na mikono myekundu hadi kwenye viwiko, na padre alitutambua kwenye foleni ya komunyo bila kutazama nyuso.

Bibi alikuwa na desturi yake. Jambo baya lolote lililotokea wiki ile ya mwisho hakulishughulikia. Aliliandika kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya tumbo la shetani wetu wa nyumbani, likasubiri moto. Bomba linavuja? Andika. Jino linauma? Andika. "Tarehe saba linaondoka na moshi," alisema. "Kwa sasa nipe mkasi."

Tarehe nne mchana tulikuwa tumebakiza mashetani themanini. Mama alikuwa chumba cha mbele na wateja. Selvin alipita uani na brashi yake, akaniangalia nikibandika kimya kimya, akacheka.

"Dada, huko kwa masista wamekuharibu. Zamani ulikuwa unatisha watu. Sasa hivi hata kuku hawakuogopi."

"Nimekua, Selvin. Ninatafakari."

"Unatafakari! Mtakatifu Nineth wa Magazeti, utuombee!"

Heshima yangu ilikuwa imeguswa. Bibi alipomwita jikoni kuchukua gundi, nilinyanyua kichwa kikubwa cha shetani, chenye pembe ndefu kama mikono yangu, nikakivaa na kujibanza nyuma ya mlango. Nilidhani gundi ni ile ya asubuhi, iliyokwisha kupoa. Sikuangalia. Naandika neno hilo tena ili lisinipite: sikuangalia. Alipovuka kizingiti niliruka mbele yake na kunguruma, "Selviiin! Nimekuja kukuchukua!"

Alirusha mikono juu. Bakuli likageuka. Gundi iliyotoka jikoni dakika ile ile ikamvaa mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, ikabaki pale pale. Maji ya moto huteleza yakaenda zake. Gundi hukaa.

Nilijua kilio cha Selvin cha hofu na kilio chake cha hasira. Hiki sikuwa nimewahi kukisikia.

"Kuna nini huko?" Mama alipiga kelele kutoka mbele.

"Gundi imemwagika!"

"Kuna aliyeungua?"

"Kidogo tu!" nilijibu. Nilitaja ukubwa wa jeraha kabla sijaliona.

"Basi fanyeni haraka, Don Tereso anasubiri mashetani wake sita!"

Nilimfuta kwa kitambaa. Gundi ilitoka, na ngozi ikatoka nayo. Hatua mbili kutoka tulipokuwa, karo letu la saruji lilikuwa limejaa maji baridi hadi ukingoni. Nilimvuta Selvin kuelekea huko, lakini Bibi alitokea jikoni na kijiko mkononi.

"Msitie maji! Maji yanaleta malengelenge. Lete dawa ya meno."

Nikaleta. Bibi akampaka mkono wote mpaka ukawa mweupe kama keki, na Selvin akatulia kidogo kwa sababu ya ubaridi wake.

"Imekuwaje?" Bibi aliuliza.

"Amejikwaa," nilisema.

Selvin alinitazama. Kichwa cha shetani kilikuwa chini miguuni pangu, kikicheka kwa meno yote. Bibi akanipa kikaratasi, nikaandika "mkono wa Selvin", nikakitia ndani ya tumbo la shetani wetu. Bibi alipoondoka nilipiga magoti mbele ya mdogo wangu.

"Ukinyamaza, mwaka huu kiberiti utawasha wewe."

"Kweli?"

"Kweli. Haki yangu ya kifungua mimba nakupa."

Akanyamaza. Alikuwa mtoto wa kutunza ahadi, na mimi nilimnunua kwa njiti moja ya kiberiti.

Siku ya pili yake alipaka rangi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nilimshonea glavu ya karatasi laini nyekundu, yenye kucha ndefu, na wateja wakacheka wakasema mtoto wa Doña Irma ameanza kugeuka shetani. Kila asubuhi nilimpaka dawa ya meno mpya juu ya ile ya jana. Rangi iliingia, gundi iliingia, vumbi la magazeti likaingia. Tarehe sita jeraha lilianza kunuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa makaburini.

"Dada, inagonga," alisema.

"Nini inagonga?"

"Mkono. Kama ngoma. Dum, dum."

"Vumilia. Kesho jioni itaisha."

Mnaweza kufikiri nilisema hivyo ili kumtuliza. Hapana. Nilikuwa nimesoma sayansi kwa miaka miwili, nilipata alama nzuri katika sura ya vijidudu, na bado nilikuwa nikisubiri moto.

Mama hakuwa kipofu. Jioni hiyo, akiwa na vipande vya waya mdomoni, alimwita. "Selvin, mkono vipi?"

"Mzima, Mama."

"Hebu onyesha."

Selvin alivua glavu na kuunyanyua. Rangi ilikuwa imekwisha kuifunika dawa ya meno: ulikuwa mkono mwekundu. Wa Mama ulikuwa mwekundu. Wa Bibi ulikuwa mwekundu, na wangu pia. Mama alitazama kwa muda wa kukunja pembe moja, akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Tarehe saba foleni ilifika hadi kwenye duka la mkate la Don Tereso.

"Doña Irma, huyu shetani wangu ana jicho moja! Mwaka jana alikuwa na mawili!"

"Anakukonyeza, mama. Amekupenda. Anayefuata!"

Saa tisa alasiri nilimtafuta Selvin aje kubeba mikia, nikamkuta chini ya meza. Alikuwa amejikunja kwenye joto lote lile, akitetemeka kama aliyetolewa mtoni. Nilimgusa shingo, nikarudisha mkono wangu haraka. Nikamvua glavu, nikakunja mkono wa shati lake. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko na kung'aa. Vidole vilikuwa kama tamale, mikate ya mahindi ya kufungwa majani, iliyofungwa na mtu mvivu, na viwili vya mwisho vilikuwa vimejipinda kuelekea kiganjani. Nilijaribu kukinyoosha kimoja. Hakikunyooka, na Selvin hakulia. Kutolia kwake ndiko kulikonitoa pale mbio.

"Mama, mkono wa Selvin."

"Baada ya saa kumi na mbili, Nineth."

"Mama, hauko sawa..."

"Nimesema baada ya saa kumi na mbili! Huoni watu?"

"Subirini moto," Bibi alisema, akihesabu pembe. "Mambo yote yatakuwa mepesi."

Nikapanda juu ya ndoo. Nikasema, kwa sauti ile ile iliyo wazi ya masista, mbele ya foleni nzima: "Selvin hakujikwaa. Nilimtisha mimi, akajimwagia gundi ya moto. Nimedanganya siku tatu. Sasa mkono unaoza."

Halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko. "Huyu msichana! Mwaka jana aliniuzia shetani mwenye chura hai tumboni!" Foleni yote ikacheka. Hata Mama alianza kutabasamu, kwa uchovu. Siwalaumu. Ndivyo nilivyokuwa nimewazoesha.

Nilishuka, nikamvuta Selvin kutoka chini ya meza, nikauinua mkono wake juu ili wauone bila shati. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa yule mwanamke wa chura.

Mama aliangusha waya. Alimbeba Selvin kifuani kama mtoto mchanga, na aproni yake yenye rangi mbichi. Don Tereso alikuwa tayari ameshawasha gari lake la mikate. "Panda, panda! Mashetani wangu hawatakimbia!"

Barabara zilikuwa zimejaa marundo yakisubiri moto: magodoro, viti vibovu, magurudumu. Tulizunguka mitaa minne. Tulipofika hospitali ya umma, muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliweka mkono wa Selvin kwenye beseni na kuanza kuosha. Maji yakawa mekundu. Akayamwaga. Yakawa mekundu tena.

"Hebu mniambie," alisema, "ipi ni rangi na ipi ni ngozi?"

Hakuna aliyejua.

"Ameungua lini?"

"Leo..." Mama alianza.

"Tarehe nne," nilisema. "Kwa gundi ya moto. Tukampaka dawa ya meno, kila siku. Hatukutia maji."

Mama alinigeukia, nikadhani atanipiga. Lakini alikaa kwenye benchi. "Jana nilimwambia anionyeshe," alimwambia muuguzi. "Akanionyesha. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na mashetani thelathini bado."

Saa kumi na mbili mji mzima uliwaka nje ya dirisha, na fataki zikaanza. Watoto wa wodini walipelekwa dirishani kutazama. Selvin alikuwa chumba cha upasuaji.

Walimkata nyama iliyokufa. Baadaye walichukua ngozi ya paja lake na kuipandikiza mkononi. Alikaa huko siku kumi na tisa, na Krismasi alikula jeli ya hospitali. Bibi alikuja na maandazi ya asali ambayo Selvin hakuruhusiwa kuyala, akakaa kando ya kitanda akiwa ameyapakata. "Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekataza maji," alisema. Alilia, na Selvin akaangalia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa miwani alitukusanya wote kando ya kitanda, hata Baba aliyekuwa amerudi na mikono iliyochanwa na majani ya miwa.

"Nasema mara moja," alisema. "Mtoto akiungua, maji ya bomba, baridi ya kawaida, dakika ishirini kwa kutazama saa. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Funikeni kwa kitambaa safi, mje. Mngekuja tarehe nne, angeondoka hapa na bandeji na pipi. Sasa mkono tumeuokoa, lakini vidole viwili vitaishi vikitaka kujikunja, na lazima vinyooshwe kila siku mpaka mchoke. Kila mwaka napokea watoto tarehe nane. Mnadhani moto wa tarehe saba ndio unaowaleta? Wengi wanaletwa na neno 'baadaye'. Na wewe, msichana, sema ukweli mapema. Sisi tunatibu kile tunachoambiwa."

"Ndiyo," nilisema.

Kazi ya kunyoosha vidole nilipewa mimi. Hadi siku ya kurudi shuleni, kila asubuhi nilimkalisha Selvin mezani, nikaloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, nikaushika mkono ule mwembamba wenye ngozi ya paja, na kunyoosha vidole viwili vya mwisho mpaka viguse mbao. Mara ishirini.

"Nakuchukia," alisema Selvin asubuhi ya mwisho, machozi yakimdondoka kidevuni. Kalamu alikwisha kuweza kuishika, na kijiko pia. Kufungua kiganja chote alikuwa hajaweza.

"Najua. Tisa."

"Nakuchukia sana."

"Kumi."

Alifumba macho na kuuma midomo. Nilimtazama. "Kumi na tatu," nilisema.

Mama alikuwa dirishani akishona begi langu la shule. Hakunyanyua kichwa.

"Nineth, umeruka mbili."

"Anaumia, Mama."

"Naona anavyoumia. Mwezi uliopita nilitazama pembeni ili siku iwe nyepesi, na wewe ulimdanganya ili siku iwe nyepesi. Vidole hivyo ndivyo vilivyolipa. Usimwongopee tena mtoto huyu, hata kwa huruma. Hesabu yake ni ishirini, mpe ishirini."

Selvin alifumbua macho. Alininyooshea mkono mwenyewe.

"Kumi na moja," nilisema, nikabonyeza. Alipiga yowe lililowaamsha kuku wa jirani. Tukafika ishirini.