Bisi Tamu za Adongo

Kila Jumamosi Akech alifua sare zake na za mdogo wake, Adongo, kisha akapiga deki chumba chao katika mtaa wa Mowlem. Jumamosi hiyo Adongo, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa amesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Mama yao alikuwa amemwahidi bisi tamu, lakini alichelewa kazini.

"Nipikie wewe, Akech," Adongo alibembeleza.

Mama alikuwa amemkataza Akech kuwasha gesi yeye akiwa hayupo. Hata hivyo, Akech alikuwa amemtazama akipika bisi mara nyingi. Aliwasha gesi, akatia mafuta kwenye sufuria, akaongeza mahindi na sukari, akafunika. Punde mahindi yakaanza kupasuka, pa! pa! pa! Adongo alirukaruka kwa furaha. Kelele zilipopungua, Akech alizima gesi, akafunua sufuria, akageuka kuchukua bakuli.

Adongo hakungoja. Alitumbukiza mkono ndani. Sukari iliyoyeyuka ikamganda vidoleni, akapiga mayowe.

Akech alibabaika. Alichukua dawa ya meno, akampaka mkono wote.

"Pole, usilie. Mama akija, mwambie ulimwagikiwa na chai. Sawa?"

Adongo aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka.

Mama alifika muda si mrefu, akaambiwa habari ya chai. Alikimbia kumwita jirani yao Jecinta, ambaye ni muuguzi. Jecinta aliushika ule mkono kwa upole.

"Mbona unanata? Chai hainati hivi," alisema. "Akech, simtafuti mkosaji. Nataka kujua nimtibu vipi."

Akech alimtazama mdogo wake. Adongo alikuwa ameuma mdomo kwa maumivu. Alikuwa bado anamtunzia siri. Akech alishindwa kuvumilia.

"Ni sukari moto, Anti. Mimi ndiye niliyewasha gesi. Na mimi ndiye niliyemwambia adanganye."

Jecinta hakupoteza wakati. Aliuweka mkono wa Adongo chini ya maji ya bomba kwa dakika ishirini, mpaka ile dawa ya meno ikaoshwa na sukari ikayeyuka kidogo kidogo. Kisha akaufunika kwa kitambaa safi, wakaenda zahanati.

Baada ya wiki mbili bendeji ilitolewa. Adongo aliweza kushika penseli tena. Siku hiyo Mama alimketisha Akech kando yake.

"Nilikasirika, sitakuficha," alisema. "Lakini kilichoniuma zaidi ni kumwona mtoto akivumilia maumivu ili kukulinda wewe. Mwanangu, jambo likiharibika, sema ukweli papo hapo. Nitakugombeza, ndiyo, na ugomvi utaisha. Ila mtu hawezi kutibiwa jeraha ambalo limefichwa."

"Nimekuelewa, Mama. Nisamehe," Akech alisema.

Mama alimvuta karibu, akamkumbatia.